Mchochota usio na mdudu: niliyoyapitia na PCOS

Kama hedhi yako huja ikitaka, na kila ukienda zahanati unaambiwa una PID (maambukizi ya via vya uzazi) au UTI sugu, unameza dozi, unapata nafuu kidogo halafu mambo yanarudi palepale, haya nimeyaandika nikikuwaza wewe. Nilizunguka humo miaka kabla sijajua nina PCOS, tatizo la homoni linalovuruga hedhi na upevukaji wa mayai. Nilianza kutoka humo siku nilipoeleweshwa kwamba mwili unaweza kuwa na mchochota, yaani kinga yake ikawa imeamka na kuwaka, bila kuwa na mdudu hata mmoja, na mchochota wa aina hiyo hautibiki kwa antibayotiki wala kwa kusafishwa kizazi.

Nilivunja ungo nikiwa shule ya msingi, kwetu Kilosa. Hedhi ilikuwa inaruka miezi na hakuna aliyeshtuka. Bibi alisema ni chango, akanichimbia mizizi, nikanywa. Nikiwa sekondari, wenzangu wa bwenini walinionea wivu kwa kuwa sikuhitaji kununua pedi kila mwezi. Mimi mwenyewe niliona ni bahati.

Nilipoolewa na kuhamia Dar es Salaam, bahati hiyo ikageuka kesi ya ukoo mzima. Wifi zangu walianza kwa mafumbo: "Wifi, lini utatuita tuje kukupikia uji wa pilipili manga?" Mafumbo yakaisha, yakabaki maswali ya wazi. Wakati huo hedhi ilikuwa inapotea miezi miwili au mitatu, ikirudi inamwagika mpaka naogopa kukaa kwenye kiti cha daladala. Kidevuni zilianza kuota nywele ngumu. Chunusi nilizodhani ni za ujana zilikuwa zimeng'ang'ania taya. Shingoni nyuma ngozi ilikuwa nyeusi na nene, nikaisugua kwa dodoki na sabuni mpaka ikachubuka, weusi ukabaki. Na uchovu. Nikila wali mchana, saa nane siwezi kuinua kichwa kazini.

Zahanati ya kwanza walipima mkojo wakasema kuna wadudu. Ya pili waliniminya tumbo wakasema PID. Nikaandikiwa doksisaiklini na metronidazo za siku 14, na mume wangu naye akapewa dozi yake, jambo lililoleta ukimya nyumbani, maana kila mmoja alijiuliza mwenzake ametoa wapi ugonjwa. Nalitaja hili kwa sababu gharama yake haiandikwi kwenye risiti. Fedha unaweza kuihesabu: kumwona daktari, maabara na dawa, kila safari ilikula kati ya Sh 40,000 na 60,000. Miezi ya watu wawili kulala wamegeukiana migongo haina bei.

Kilichonipoteza zaidi ni karatasi moja ya maabara. Daktari wa hospitali moja binafsi aliongeza kipimo cha damu kiitwacho CRP. Majibu yalirudi 8.1, na maabara ile iliandika kwamba kawaida ni chini ya 5. Pembeni kulikuwa na herufi H, yaani iko juu, akaizungushia wino mwekundu. "Unaona? Bado kuna infeksheni mwilini." Nikapigwa sindano za masaa. Sikuwa na homa. Mkojo siku hiyo ulikuwa safi, na kipimo cha majimaji ya ukeni nacho kilikuwa safi. Baada ya sindano CRP ikapimwa tena, haikushuka kitu cha maana. Nikabadilishiwa antibayotiki.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale kinga ya mwili inapoamshwa. Inapanda ukiwa na nimonia, ukiwa na malaria, ukiwa na jino bovu, hata mafua makali. Lakini kupanda kwake hakusemi nani ameiamsha kinga. Kunasema tu kwamba kinga iko macho. Hilo sikuambiwa.

Aliyeniambia ni daktari wa magonjwa ya wanawake, mama wa makamo, niliyepelekwa kwake na rafiki. Nilipomwamkia, kabla hajafungua bahasha yangu ya vipimo akasema, "Mwanangu, hebu shusha mtandio." Akapitisha kidole nyuma ya shingo, akaangalia kidevu, akapima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Ndipo akauliza tarehe za hedhi za mwaka mzima. Nilikuwa nazo chache tu kichwani. Akanipa kalenda ya ukutani na kalamu, tukakaa tukikumbuka kwa sikukuu: kabla ya Idi, baada ya msiba wa baba mdogo, wiki ya Sabasaba. Tukapata hedhi tano kwa mwaka.

Akachukua karatasi ya altrasaundi ambayo mwandishi wake alikuwa ameandika "vimbe nyingi kwenye ovari zote mbili." Maneno hayo yalikuwa yamemliza mama yangu kwenye simu, akidhani natakiwa kupasuliwa. Daktari akanielewesha kuwa si vimbe za kukata. Ni vifuko vidogo vya mayai, milimita 2 hadi 9 hivi, vilivyoanza kukua vikaishia njiani, yai halikupevuka wala kutoka. Hali hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1935 na madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, kutokana na wanawake 7 waliowatibu. Jina lililobaki la PCOS linataja ovari, lakini tatizo lenyewe limeshika mwili mzima.

Ili daktari aseme ni PCOS kwa mtu mzima, vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: mayai kutopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Na lazima magonjwa mengine yanayofanana yaondolewe kwanza. Kwa hiyo nikapimwa homoni ya tezi la shingo, prolaktini, testosteroni, mafuta ya damu, na sukari kwa kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi kisha kupimwa tena baada ya saa mbili. Bima yangu ililipia sehemu, homoni nikalipa mwenyewe, kila moja Sh 30,000 na zaidi. Ushauri wangu hapa: omba orodha yote mapema, uliza maabara mbili tatu bei, na usirudie kipimo ambacho karatasi yake unayo. Mimi baadaye nilikuta nimelipia altrasaundi ileile sehemu tofauti kwa sababu kila hospitali ilitaka ya kwake.

Sukari yangu ilikuwa mpakani, haijawa kisukari. Nikamwonyesha ile CRP na ule wino mwekundu. Akaniuliza kama nina homa, maumivu chini ya kitovu, uchafu wenye harufu, maumivu wakati wa tendo la ndoa. Hapana, hapana, hapana. "Basi huu ni mchochota wa PCOS yenyewe," akasema. "Hauna mdudu wa kuua."

Niliposoma zaidi nikaelewa alichomaanisha. Ukijikata kidole, kinga inakimbilia pale, panavimba, panapata moto, panauma, kisha panapoa. Kwa wanawake wengi wenye PCOS kuna mchochota mwingine, mdogo, wa muda mrefu, usiouma mahali popote. Nimekulia kwenye mashamba ya mpunga, kwa hiyo akilini mwangu niliupa sura ya moto wa pumba: juu huoni mwali, chini kunaungua siku nzima. Mwaka 2001 watafiti wa Glasgow, Uskoti, walionyesha kuwa wanawake wenye PCOS wana CRP ya juu kuliko wenzao wasio nayo. Mwaka 2011 watafiti wa Hispania walijumlisha tafiti nyingi za namna hiyo wakakuta CRP ya wenye PCOS ni karibu mara mbili, na unene peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Hili la unene lishikeni vizuri, maana nimeona wanawake wembamba wakifukuzwa kliniki kwa maneno kwamba "wewe mbona huna mwili wa PCOS." Huko Marekani, daktari Frank González na wenzake waliwanywesha glukosi wanawake wembamba wenye PCOS, na seli nyeupe za damu yao zikaitikia kwa mchochota kwa namna ambayo za wanawake wasio na tatizo hili hazikufanya. Mafuta ya tumboni yanauchochea zaidi mchochota huo, kwa kuwa seli za mafuta zilizojaa kupita kiasi huvuta seli za kinga na kutoa kemikali zake. Ila hata asiye na tumbo anaweza kuwa nao.

Kemikali hizo ndizo zinazounganisha mambo niliyokuwa nayaona kama magonjwa manne tofauti. Mojawapo, inayoitwa TNF alfa, huzuia insulini isifanye kazi yake kwenye misuli na mafuta. Kongosho likiona sukari haiingii kwenye seli, linamwaga insulini zaidi. Insulini nyingi inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume, na wakati huohuo inaliambia ini lipunguze protini inayozibeba homoni hizo, kwa hiyo zinabaki huru nyingi kwenye damu. Hapo ndipo nywele za kidevu, chunusi na mayai yanayokwama njiani vinapotokea. Weusi wa shingoni ni ngozi inayoitikia insulini iliyozidi, hakuna sabuni ya kuutoa. Nililia niliposikia hilo. Nilikuwa nimeambiwa na watu, tena mbele za watu, kwamba sijui kuoga.

Sasa CRP. Nisingependa mtu asome hapa akimbilie maabara kuipima. Haitumiki kutambua PCOS, na mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unatambua ugonjwa huu bila kuitegemea. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huipandisha. Ikipita 10, daktari anapaswa kutafuta sababu nyingine kwanza, na kwetu malaria iko juu ya orodha. Kama umeshapimwa ikawa juu kidogo nawe huna dalili yoyote ya maambukizi, uliza swali hili kabla hujakubali sindano: "Dokta, maambukizi yako wapi, na kipimo gani kimeyaonyesha?" Swali lina heshima na haki yako iko ndani yake. Kwa upande wa pili, PCOS haikukingi na PID. Ukiwa na homa, maumivu makali ya chini ya tumbo au uchafu usio wa kawaida, nenda upesi, umeze dozi, umalize. PID isiyotibiwa inaweza kuziba mirija.

Matibabu yalianza na kitu ambacho sikukitarajia: kuleta hedhi. Daktari alisema nisiache zipite siku 90 bila kutoka damu, kwa kuwa ukuta wa kizazi unazidi kunenepa na kwa miaka mingi hilo laweza kuzaa saratani. Nikapewa vidonge vya homoni ya projestojeni vya siku chache. Kwa asiyetafuta mtoto, vidonge vya uzazi wa mpango ndivyo hutangulia kwa kupanga hedhi na kupunguza nywele na chunusi. Najua maneno ya mtaani kwamba vinaharibu kizazi. Havifanyi hivyo, na wengi wanaovikataa wanabaki na damu inayowamaliza.

Kisha metformini, dawa ambayo wengi wanaijua kama ya kisukari. Nilianza na miligramu 500 mara moja kwa siku, katikati ya mlo wa usiku, tukapandisha taratibu. Wiki za mwanzo tumbo liliniendesha, nikajifunza kutomeza kabla ya kupanda daladala ya Mbagala. Kumezea ndani ya chakula kulisaidia kweli. Ukiitumia miaka, mwombe daktari apime vitamini B12. Mama alipokuja kututembelea alikuta boksi juu ya friji, akakaa chini. "Mwanangu, una sukari ukanificha?" Nikamweleza kwamba dawa ni ileile, mimi bado sijafika huko na ndiyo maana naimeza. Waelezeni watu wa nyumbani mapema. Kimya kinazaa hadithi, na hadithi zenyewe zinarudi kwako zikiwa zimeshakuzika.

Chakula kilinisumbua kuliko dawa, kwa sababu kila mtu ana orodha. Mmoja anakataza maziwa, mwingine ngano, wa tatu anauza poda ya Sh 180,000 ya mwezi mmoja kwenye WhatsApp, eti inazima mchochota na kusafisha homoni. Ile poda niliinunua. Ukweli ni kwamba mwongozo wa 2023 haujakuta mlo mmoja ulioshinda mingine kwa PCOS. Kinachosaidia ni mlo bora unaoweza kuumudu na kudumu nao. Kwangu ilikuwa hivi: dona badala ya sembe, na ugali ukapungua nafasi ikachukuliwa na matembele, mchicha, bamia. Dagaa, vibua, maharage, choroko. Soda na juisi za boksi zikatoka. Chai ikabaki, sukari ikapungua mpaka ikaisha. Wali siku za shughuli nakula, ila naanza na mboga na nyama, na saa nane yangu ya usingizi mzito imeondoka. Manjano na mdalasini natia kwenye mboga kwa kuwa napenda ladha, siwezi kukuambia ni dawa. Vipande vya dawa za kuweka ukeni na mvuke wa majani, hapana kabisa. Vinaunguza na kuharibu bakteria wazuri, halafu ndipo unapata maambukizi ya kweli.

Mazoezi: lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho, na siku mbili za kutumia nguvu. Nilishuka kituo kimoja kabla, nikatembea. Nilinyanyua madumu ya maji ya lita 5 uani asubuhi. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposuasua, na mchochota hupungua hata kama mizani haijasogea. Mizani yangu ilichelewa sana kusogea. Kiuno kilitangulia.

Usingizi nilikuwa siuhesabu kama matibabu. Mume wangu ndiye aliyesema nakoroma kisha nakata pumzi. PCOS inaongeza uwezekano wa tatizo hilo la kukatika pumzi usingizini, na usiku wa namna hiyo unachochea mchochota na insulini pamoja. Mwambie daktari, wala usione aibu. Jambo jingine linaloonewa aibu ni moyo kuzama. Sonona na wasiwasi ni vingi kwa wenye PCOS, na mwongozo unataka tuulizwe juu yake kama tunavyopimwa presha. Sikuulizwa na mtu mpaka nilipofika kwa huyu mama. Aliniuliza kama bado kuna kitu kinanifurahisha, nikashindwa kujibu.

Kuhusu mtoto nitasema kwa ufupi. Tulipewa letrozo, ambayo sasa ndiyo dawa ya kwanza ya kupevusha mayai kwa wenye PCOS, tukifuatiliwa kwa altrasaundi. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ndiye binti yangu, na katika ujauzito ule nilipimwa sukari na presha mara kwa mara, maana vyote viwili hupanda kirahisi zaidi kwetu. Nawaomba wanaonunua klomifeni, dawa nyingine ya kupevusha mayai, dukani kwa ushauri wa shoga waache. Kuna hatari ya mimba ya watoto wengi, na unaweza kumeza miezi yote hiyo mirija ikiwa imeziba au mbegu za mwenzako hazijapimwa hata siku moja.

Hivi leo hedhi yangu huja kila baada ya siku 35 hadi 40, wakati mwingine inaruka. Nywele za kidevu zipo, chache, na dawa yoyote ya nywele huhitaji kama miezi 6 kabla hujaona kitu. Sukari nitaendelea kuipima kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu maisha yangu yote. CRP hatuipimi tena.

Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha tatu, na hedhi yake imeanza kuruka kama yangu. Ugonjwa huu hutembea kwenye familia, nikampeleka kwa daktari yuleyule. Sikujua kwamba kwa wasichana altrasaundi haitumiki kutambua PCOS mpaka ipite miaka 8 tangu avunje ungo, kwa kuwa ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida yake. Daktari hakumpiga muhuri wa ugonjwa. Aliandika kuwa yuko kwenye hatari, akampa vidonge vya kupanga hedhi, akataka arudi kuangaliwa tena akishamaliza shule. Bibi aliposikia aliuliza kama bado anaruhusiwa kumchimbia mizizi. Tumemwomba asimchimbie. Amenunuliwa kalenda ndogo ya mkoba, anaandika tarehe mwenyewe.